Pembeni mwa Ukurasa wa Sitini na Moja

Kitabu kilinifikia bila jalada.
Mchwa wa stoo ya shule, hapa Mpwapwa,
walianza na jina la mwandishi,
wakala jina la riwaya, wakala mji ilikochapwa,
wakashibia pale Bwana Shauri anaposhuka kwenye machela
na kulalamikia vumbi.

Ni kitabu kizuri. Niseme haki.
Aliyekiandika aliwajua watu wake, wala hakuwaficha:
anamcheka Bwana Shauri avaaye tai mezani peke yake,
aamuruye bendera ifuliwe kila Jumamosi
huku kisima cha boma kikitoa tope.
Anamcheka na mkewe, apandaye waridi kwenye changarawe
na kulisemesha kwa jina.
Dola yote, asema, ni kaptula iliyopigwa pasi
juu ya magoti yanayotetemeka.
Kidato cha Tano walicheka hadi kengele ikalia.

Sechelela, dawati la nyuma, hakucheka.
"Mwalimu, mbwa ana jina. Farasi ana jina.
Hata ua lina jina.
Huyu anayewapikia, je?"

Usiku ule umeme ulikatika.
Nikawasha chemli, nikahesabu.
Mbwa anakufa kwa kurasa nne.
Mpishi anasema "Ndiyo, Bwana" mara kumi na tisa,
"Hapana, Bwana" mara moja,
na mara hiyo aliulizwa kama yamebaki mayai.

Na njaa. Ile njaa.
Mwandishi kaipa sentensi moja, fupi, safi kama sahani:
mwaka ule mvua hazikunyesha.
Kana kwamba mawingu ndiyo yaliyoingia mazizini
yakaswaga ng'ombe kwenda kulisha majeshi,
mawingu ndiyo yaliyokomba uwele vihengeni,
yakawatwika wanaume mizigo ya vita
hadi leo hatujui waliitua wapi.
Bibi yangu hakuisoma sentensi hiyo.
Alikuwa na neno moja tu, Mtunya,
na kila akilitamka alifunika chungu,
hata chungu kikiwa na mlenda wa kutosha nyumba tatu.

Basi nikaandaa somo. Hoja ya kwanza, hoja ya pili:
mwandishi anaukosoa ukoloni
akiwa amekalia kiti chake, miguu juu ya kigoda,
na kigoda hakiulizwi.
Nilijisifu kidogo kwa hicho kigoda.

Kisha ukurasa wa sitini na moja.
Mpishi kasimama mlangoni na taa.
Bwana Shauri analia, paji la uso juu ya meza.
Na mwandishi, mjuzi wa kila moyo, hata wa farasi,
anaandika: Alichowaza mpishi, sikijui.

Hapo nilimvulia kofia.
Afadhali mlango uliofungwa
kuliko dirisha lililochorwa ukutani.

Lakini pembeni, kwa penseli ya kulambwa ncha,
kuna mwandiko wa msomaji aliyenitangulia,
herufi za shule ya misheni, zenye mikia mirefu:

Mimi nakijua. Aliwaza kwamba kuni zimelowa.
Anaitwa Chilongani. Ni mjomba wa mama.

Riwaya ni ya kubuni, kanuni naifundisha mwenyewe.
Mtu wa kubuni hana dada,
na dada asiyekuwapo hazai mtoto
wa kuja kuandika kwa penseli.
Nilikwishaichukua raba.
Nikairudisha mfukoni.

Maana kuni zimelowa vipi
mwaka ambao mvua hazikunyesha?

Kesho Chidawali ataniuliza, kama kawaida yake,
nani kakiandika kitabu hiki,
kwa sababu mtihani huuliza.
Nitamwambia: yupi, kati ya wawili?
Wote mchwa wamewala majina.
Aliyebaki na lake ni mpishi.

Na ubaoni sitaandika hoja ya kwanza wala ya pili.
Nitapangusa vumbi, nitaandika kwa chaki ndogo iliyosalia:
Kuni zimelowa. Jadili.